Namna ya kubuni na kujaribu mifereji ya nje kwa utafiti wa ikolojia ya vijito: mwongozo kwa mazingira ya Moshi

Mtafiti anayetaka kujua kwa nini kijito hupoteza wadudu wake pindi maji yanapopungua hukabiliwa na tatizo moja la msingi, nalo ni kwamba kijito hakibadiliki jambo moja moja. Maji yakipungua, joto hupanda, mchanga hutuama, majani hukwama na samaki huhama, na yote haya hutokea kwa pamoja. Mifereji ya majaribio iliyojengwa nje, inayopokea maji ya kijito chenyewe pamoja na viumbe vyake, humwezesha kubadili jambo moja na kuyaacha mengine kama yalivyo. Uwezo huo hupatikana tu pale ambapo mifereji yote inafanana kabla ya jaribio kuanza, na kufanana huko hakuna budi kupimwa. Kwa hiyo mwongozo huu unakaa zaidi kwenye kugawa maji na kupima kuliko kwenye ujenzi, ambao fundi mwashi mzuri anaumudu bila kuelekezwa na mwanaikolojia.

Mfano utakaotumika ni wa mifereji sita, kila mmoja ukiwa na urefu wa mita 10, upana wa sentimita 25 na kuta za sentimita 25, iliyojengwa kwenye miteremko ya Kilimanjaro juu ya mji wa Moshi. Kwa Arusha hesabu ni zile zile, isipokuwa anayechota maji upande wa Meru apime floridi mapema, kwa kuwa baadhi ya vijito vya huko, hususan eneo la Maji ya Chai, vina floridi nyingi kwa asili.

Hatua ya 1: Andika swali, kisha chagua chanzo cha maji

Andika kwanza jambo moja utakalobadilisha: kiasi cha maji, mchanga, kivuli, au aina ya majani yanayooza. Swali ndilo linaloamua ukubwa wa mfereji. Anayechunguza utando wa mwani juu ya mawe anaweza kutosheka na mita tatu, ilhali anayechunguza wadudu wanaojiachia na kuchukuliwa na mkondo anahitaji mita kumi au zaidi.

Baada ya hapo amua kama maji yatapita mara moja na kuondoka, au yatazungushwa kwa pampu. Ushauri wangu kwa Moshi ni maji yanayopita, na sababu kubwa ni jua. Mfereji wa mfano una eneo la mita za mraba 2.5; jua la adhuhuri likimwaga wati 800 kwa kila mita ya mraba, mfereji hupokea wati 2,000. Mfumo wa kuzungusha wenye lita 700 kwa jumla, ukilipokea joto hilo lote, utapanda zaidi ya nyuzi 2 kwa saa moja tu. Mfereji unaopitisha lita 6 kwa sekunde utapanda chini ya sehemu moja ya kumi ya nyuzi. Bila mashine ya kupoza, mfumo wa kuzungusha huishia kuwa jaribio la joto hata kama mtafiti hakukusudia hivyo.

Maji yanayopita yanataka chanzo cha kudumu chenye mwinuko, na hapa miteremko ya Kilimanjaro ina neema yake: mifongo, yaani mifereji ya jadi ambayo Wachagga wameitumia kwa vizazi vingi kupeleka maji kwenye vihamba, yaani mashamba yao ya nyumbani. Tafuta mfongo unaobeba, katika kiangazi kikali, angalau mara mbili ya maji utakayohitaji. Mifereji sita ya lita 6 kwa sekunde inataka lita 36, hivyo mfongo wenye pungufu ya lita 70 uuache, au upunguze idadi ya mifereji. Pima mwenyewe mwezi Februari au Septemba, wala usitegemee maelezo ya mtu aliyeuona wakati wa masika.

Hatua ya 2: Vibali na makubaliano

Kuchepusha maji kunahitaji kibali cha kutumia maji chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, na kwa eneo hili maombi hupelekwa Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye makao yake Moshi. Eleza waziwazi kwamba maji yote yatarudi mfongoni mita chache chini ya pale yalipochukuliwa. Kibali cha utafiti hutolewa na COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Sheria hiyo ya maji hutenga maji ya akiba kwa mahitaji ya msingi ya watu na kwa uhai wa mito, kwa hiyo utafiti wa kupunguza maji una faida ya moja kwa moja kwa wanaogawa maji ya bonde, na ni vizuri maombi yakasema hivyo.

Kibali cha serikali hakitoshi. Mfongo una kamati, mwenyekiti na zamu, na wenye zamu ndio watakaofunga banio usiku wakiona maji yao yamepungua. Kaa nao kabla ya kuchimba msingi, waonyeshe mahali maji yatakaporudia, na muafikiane kwa maandishi kuhusu siku za kusafisha mfongo, kwa sababu siku hizo maji hukatwa kabisa. Kama jaribio linahusu mbolea, chumvi nyingi au dawa za mashambani, maji hayo yasirudi mfongoni hata kidogo. Majaribio ya namna hiyo yafanywe katika mfumo uliofungwa wenye mahali pa kuhifadhia maji machafu, na kibali chake ni kingine.

Hatua ya 3: Fanya hesabu ya mkondo

Nenda kwenye kijito unachotaka kukiiga, upime kina na kasi mahali ambapo wadudu wanaishi, yaani juu ya mawe penye maji ya mbio ya wastani. Tuseme umepata kina cha sentimita 8 na kasi ya mita 0.3 kwa sekunde. Upana wa mita 0.25 ukizidishwa kwa kina cha 0.08 na kasi ya 0.3 hutoa meta za ujazo 0.006, yaani lita 6 kwa sekunde.

Mteremko hupatikana kwa kanuni ya Manning, V = R^(2/3) × S^(1/2) ÷ n, ambamo V ni kasi, S ni mteremko, n ni kipimo cha ukwaruzi wa sakafu, na R ni eneo la maji likigawanywa kwa urefu wa kingo zinazoguswa na maji. Hapa R ni mita 0.049. Kwa sakafu yenye kokoto na mawe, n ya 0.03 inafaa kuanzia, na mteremko unaotakiwa ni milimita 4.5 kwa kila mita, yaani sentimita 4.5 kutoka mwanzo hadi mwisho wa mfereji. Sakafu tupu ya niru, yenye n ya karibu 0.012, ingehitaji milimita 7 tu kwa mita zote kumi. Kwa hiyo mfereji uliotegwa kwa hesabu ya sakafu laini, kisha ukajazwa mawe, utakuwa na kina cha karibu mara mbili ya kilichokusudiwa. Hesabu ifanywe kwa hali ya mwisho.

Hakiki mambo mawili. Namba ya Froude, ambayo ni kasi ikigawanywa kwa kipeuo cha pili cha g (mvuto wa dunia) mara kina, ni 0.34, iko chini ya 1, hivyo mkondo ni tulivu na kina chake kinaweza kurekebishwa kwa ubao wa mwisho wa mfereji. Namba ya Reynolds, kwa kutumia R, ni karibu 14,600, kiwango kinachoonyesha kwamba maji yanachanganyika kwa misukosuko kama kijitoni. Nguvu ya maji ya kukwaruza sakafu, inayopatikana kwa ρgRS (ρ ikiwa ni uzito wa maji kwa ujazo), ni takriban nyutoni 2 kwa mita ya mraba. Namba hii iandikwe kwenye ripoti kila mara, kwa kuwa mdudu aliyejibana juu ya jiwe huisikia yeye mwenyewe, ilhali kasi ya wastani ni namba ya mtafiti.

Upana wa sentimita 25 ni mwembamba, na kuta huathiri mkondo kwa umbali unaokaribiana na kina. Zinabaki sentimita 9 hivi za katikati ambazo ni salama kuchukulia sampuli. Hata hivyo nachagua mifereji sita myembamba kuliko mitatu mipana, kwa sababu mtafiti mwenye mifereji mitatu na hali mbili za kulinganisha hana marudio ya kutosha kusema lolote kwa uhakika.

Hatua ya 4: Gawa maji kwa kina kisichobadilika

Hapa ndipo miradi mingi huharibika. Mfongo hupanda na kushuka kila zamu inapobadilika, na kufungua koki sita kwa kukisia hakuwezi kuleta mgawo ulio sawa kwa zaidi ya saa chache. Jani moja la mgomba likikwama kwenye koki moja, hesabu yote imevurugika.

Jenga tangi refu la kichwa, lenye urefu wa mita 4.5, likikatiza juu ya vichwa vya mifereji yote sita. Kwenye ukuta wake wa mbele weka matundu sita, kila moja likitazama mfereji wake, ili pasiwe na bomba lolote katikati. Kila tundu lizibwe kwa bamba la plastiki gumu au chuma kisichoshika kutu, lililotobolewa kwa usahihi kwenye karakana moja, siku moja, kwa keekee moja. Maji yakisimama mita 1.5 juu ya katikati ya tundu, tundu la kipenyo cha milimita 48 hupitisha karibu lita 6 kwa sekunde. Kupunguza maji kwa nusu ni kubadili bamba tu, kuweka la milimita 34.

Kwa nini mita 1.5? Maji yanayotoka tunduni hufuata kipeuo cha pili cha kina. Kina kikibadilika kwa sentimita 5 kwenye mita 1.5, maji hubadilika kwa chini ya asilimia 2; kwenye kina cha sentimita 30 badiliko hilo hilo huleta asilimia 8. Ukuta wa nyuma wa tangi uwe ndio mdomo wa kumwagia ziada, wenye urefu wa mita 4 au zaidi na uliosawazishwa kabisa. Mdomo mrefu hivyo humwaga lita 20 za ziada kwa sekunde huku maji yakipanda sentimita 2 tu. Bomba moja la ziada, ambalo wengi hulipenda kwa urahisi wake, haliwezi kufanya hivyo.

Tangi hili litabeba msukumo mkubwa, kwa hiyo liwe na nondo na lisijengwe kwa tofali peke yake.

Kabla ya tangi weka bwawa dogo la kutuamisha mchanga. Chembe ya mchanga ya milimita 0.1 huzama kwa takriban milimita 8 kwa sekunde, na kwa lita 36 kwa sekunde eneo la chini kabisa ni mita za mraba 4.5. Lifanye mara mbili, sita kwa moja na nusu, lenye koki ya kusafishia chini. Udongo mfinyanzi wa masika hautatuama hata ujenge mara kumi, hivyo panga majaribio kati ya Juni na Septemba, au ukubali tope na ulipime kila siku. Chujio la mbele liwe la matundu ya sentimita moja hivi. Likiwa dogo zaidi litazuia viumbe unaowataka waingie.

Hatua ya 5: Chagua vifaa visivyo na sumu

Bati lililopakwa zinki huachia zinki majini, na viungo vya shaba huachia shaba. Zote mbili huua mwani na wadudu katika viwango vidogo sana. Mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa zisitumike popote zinapogusa maji. Tofali, lipu na niru zinafaa, ila saruji mpya hupandisha pH, hivyo mifereji ioshwe kwa maji yanayopita kwa wiki tatu au nne, na pH ya kuingia na ya kutoka ilinganishwe asubuhi na mapema, kabla mwani haujaanza kuipandisha kwa mwanga. Tofauti ikipungua chini ya 0.1, saruji imepoa. Gundi ya mabomba ya PVC ikauke siku mbili kabla ya maji.

Uliza pia mashamba ya juu. Mrututu na dawa nyingine za shaba zimetumika muda mrefu kwenye kahawa ya Kilimanjaro dhidi ya chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa. Kama mfongo wako unapita katikati ya mashamba yanayopuliziwa, pima shaba majini na kwenye tope la bwawa kabla ya kutumia fedha zozote za ujenzi.

Hatua ya 6: Jenga

Levo ya msingi ipimwe kwa mpira wa maji, maana pima maji fupi ya fundi haiwezi kuona kwa uhakika mteremko wa milimita 4.5 kwa kila mita kwenye mita zote kumi. Mwanzoni mwa kila mfereji acha kisanduku cha kutulizia maji, chenye mawe makubwa ya kuvunja nguvu, kwa sababu maji yanayoruka tunduni yana kasi ya zaidi ya mita 5 kwa sekunde. Kisha panga fungu la vipande vya bomba la PVC la milimita 25, kila kimoja sentimita 20, kunyoosha mkondo. Mwishoni weka ubao wa kurekebisha kina na, chini yake, kisanduku chenye bamba la V, yaani bamba lenye mkato wa V wa nyuzi 90, la kupimia kiasi cha maji. Juu, tandika neti ya kivuli ya aina moja kwa mifereji yote, na zungusha uzio, kwa kuwa mbuzi hawajui jaribio.

Hatua ya 7: Jaribu maji kabla ya viumbe

Jaza mifereji, funga pande zote, uache saa 24 huku ndoo yenye maji ikiwa pembeni. Mfereji ukipungua zaidi ya ndoo, unavuja, ziba kwanza.

Kisha hakiki bamba la V. Kanuni yake ni Q = 1.38 × H^(5/2), kwa mita na sekunde, ambamo Q ni kiasi cha maji na H ni kina chake, na kina hicho kipimwe nyuma ya bamba kwa umbali wa mara tatu au nne ya H, kuanzia ncha ya V. Kina cha sentimita 8 ni lita 2.5 kwa sekunde, sentimita 10 ni lita 4.4, na sentimita 11.4 ni lita 6. Kosa la milimita moja hapa ni kosa la asilimia 2, hivyo tumia rula ya chuma iliyokazwa. Thibitisha kwa pipa la lita 200, ambalo lita 6 kwa sekunde hulijaza kwa sekunde 33, na urudie mara tano kwa kila mfereji. Mifereji yote iwe ndani ya asilimia 3 ya wastani. Unaozidi, bamba lake la tundu lirekebishwe.

Weka mawe, kisha pima kasi kwa mita ya mwendo kwenye kina cha asilimia 60 kutoka juu, katika mistari ya kukatiza kila mita moja, pointi tatu kwa kila mstari. Utaona mita mbili au tatu za mwanzo bado zina misukosuko ya mlango; eneo hilo lisichukuliwe sampuli kamwe, vivyo hivyo mita ya mwisho ambako ubao hutuliza maji.

Kipimo cha chumvi huonyesha yale ambayo mita haioni. Yeyusha gramu 20 za chumvi ya mezani katika lita moja, mimina kwa mkupuo mwanzoni, na rekodi upitishaji umeme mwishoni kila sekunde hadi urudi ulipoanzia. Kilele kinatarajiwa karibu na sekunde 33. Mkia mrefu unaochelewa kushuka unaonyesha kwamba kuna maji yaliyokwama nyuma ya mawe, jambo ambalo si baya kwa kuwa kijito nacho kina maji ya namna hiyo, ilimradi mifereji sita itoe mikia inayofanana. Mmoja ukitofautiana, mawe yake yapangwe upya.

Jaribu pia hali uliyokusudia. Ukiweka bamba la nusu bila kugusa ubao wa mwisho, kanuni ya Manning inatabiri kina cha sentimita 5 na kasi ya mita 0.24: maji yamepungua nusu, lakini kasi imepungua kwa moja ya tano tu. Ukipandisha ubao ili kina kibaki sentimita 8, kasi hushuka hadi 0.15. Hayo ni majaribio mawili tofauti kwa mdudu, na makala inayosema tu kwamba maji yalipunguzwa kwa nusu haijamwambia msomaji ni lipi lilifanyika.

Hatua ya 8: Viumbe, na jaribio la usawa

Tumia mawe ya kijito hicho hicho, yaliyochekechwa kati ya milimita 16 na 64, yakachanganywa katika rundo moja kabla ya kugawanywa, pamoja na vigae vidogo visivyong'arishwa kwa ajili ya kupima mwani. Utando hai hujijenga, na wadudu huletwa na maji yenyewe, kwa wiki nne hadi sita. Usubi wa familia ya Simuliidae, na wadudu wa familia ya Baetidae, huwahi. Hydropsychidae, wanaojenga nyavu zao, hukawia, na kaa wa mtoni huingia wapendapo na kula wengine, hivyo amua mapema kama utawatoa wote au utawaacha wote. Kwa kutambua familia, mfumo wa TARISS, unaopima hali ya mto kwa wadudu wake na uliotengenezwa kwa mito ya Tanzania, ukiwa umetokana na SASS5 ya Afrika Kusini, ndio unaofaa. Vaa gambuti na uchunguze konokono kwenye pembe zilizotulia, maana kichocho hakibagui mifereji ya watafiti.

Baada ya wiki hizo usianze jaribio. Endesha mifereji yote kwa hali moja, uchukue sampuli kana kwamba jaribio linaendelea: joto kila dakika 15 kwa siku saba, klorofili ya vigae, wadudu wa vikapu vitatu vya mawe kwa kila mfereji, na wavu wa mikroni 250 kwenye mlango na kwenye tokeo kwa usiku mmoja. Tofauti utakazoziona ndizo kelele za mfumo wako. Kama mifereji inatofautiana kwa asilimia 30 katika idadi ya wadudu bila kufanyiwa lolote, jaribio linalotarajia badiliko la asilimia 20 halina maana kwa marudio matatu, na ni heri kujua hivyo sasa kuliko baada ya msimu mzima.

Mara nyingi mfereji wa pembeni ndio huonekana tofauti, kwa kivuli cha mgomba wa jirani au kwa joto la ukuta. Ikiwa hivyo, gawanya mifereji katika jozi tatu za wanaokaribiana, kisha piga kura ndani ya kila jozi kuamua upi utapunguziwa maji na upi utabaki wa kulinganishia. Kura ipigwe kweli, mbele ya mtu mwingine, na matokeo yaandikwe daftarini siku hiyo hiyo.

Wakati wa jaribio, mlinzi asome H ya kila bamba la V asubuhi na jioni, asafishe chujio, na aandike saa ambayo mfongo ulikatwa au kufurika. Maji yakikatika kwa zaidi ya saa mbili, sampuli za wiki hiyo zitengwe na zichambuliwe peke yake, kwa kuwa wadudu wengi hujiachia majini mara tu mkondo unaporudi, na wavu wa usiku huo utajaa kwa sababu isiyohusiana na swali lako.